Baraza la wanaume la kuzuia ukatili wa kijinsia, msikitini au kanisani: namna ya kulianzisha

Maswali ni yale yale kila ninapokutana na watu wa nyumba za ibada hapa Dar es Salaam. Katekista wa Mbagala anataka kujua aanze na mahubiri au semina. Ustadhi wa Buguruni anauliza atawashikaje wanaume wakae zaidi ya siku moja. Mama wa umoja wa wanawake, Kimara, anauliza kwa sauti ya chini afanyeje, maana baba aliyependekezwa kuongoza kikundi ndiye yule ambaye mkewe huja ibadani na miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Nimeyakusanya majibu hapa.

Tunazungumzia kikundi kidogo cha wanaume, na kingine cha vijana wa kiume, kinachokutana mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Kongamano ni kitu kingine. Lina fulana, picha ya pamoja na pilau, na Jumatatu kila mtu anaamka vile vile alivyokuwa.

Kitu kimoja usikiachie toka mwanzo hadi mwisho: kazi ya kikundi hiki inapimwa nyumbani kwa wanaokihudhuria, na wapimaji ni wake zao, watoto wao, dada wa kazi na majirani wanaopanga nao nyumba moja. Wanaume wanaweza kukipenda sana kikundi na nyumbani kusibadilike kitu.

Kabla hujaanza

Hakikisha una haya:

- Ridhaa ya kiongozi mkuu wa mahali hapo: imamu na kamati yake, paroko, au mchungaji na baraza la wazee. Ridhaa ya kutikisa kichwa haitoshi, tutaliona hilo kwenye hatua ya pili.
- Wawezeshaji wawili wanaume. Elimu kubwa si lazima. Lazima ni sifa ya nyumbani. Kabla ya kumteua mtu, waulize pembeni akina mama wawili watatu wanaomfahamu. Wakikaa kimya wakatazamana, tafuta mwingine.
- Akina mama wawili au watatu wenye siri, ambao mwanamke yeyote wa mahali hapo anaweza kuwaendea. Kwa Wakatoliki mara nyingi wanapatikana WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Msikitini watafute miongoni mwa walimu wa darsa la wanawake.
- Chumba au kona yenye faragha. Kibaraza cha msikiti kinafaa kama wapita njia hawasikii.
- Taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili wanaume kumi na tano wanaokutana usiku wasidhaniwe wana mambo ya siasa.
- Hela kidogo ya daftari, makaratasi makubwa ya kuandikia, kalamu za wino mzito, maji, kahawa na kashata.

Posho usiweke. Najua utaulizwa nauli, kwa sababu semina za miradi zimetuzoesha hivyo. Ukianza kulipa, siku hela ikikata na kikundi kimekata.

Kuna kitu cha saba ambacho wengi hukiruka: karatasi ya rufaa. Ukianza kuwazungumzisha watu kuhusu ukatili, kesi zitakuja, na zinaweza kuja wiki ya pili. Kwa hiyo karatasi iwe tayari kabla ya kikao cha kwanza, na iwe na:

- Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi cha karibu: jina la afisa na namba yake ya simu. Nenda mwenyewe ukajitambulishe. Afande anayekujua atapokea simu yako saa 4 usiku. Asiyekujua atakwambia uje asubuhi.
- Afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii wanaohudumia kata yako. Waulize pia kuhusu kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ambayo iliwekwa na mpango wa taifa unaoitwa MTAKUWWA. Kuna mitaa ambako kamati hiyo inafanya kazi kweli na mingine ambako ipo kwenye faili tu. Ujue ya kwako ni ipi.
- Hospitali. Baadhi zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Amana, Ilala, ni mojawapo.
- Namba 116, simu ya bure kwa masuala ya watoto, na 112 ya dharura ya polisi.
- Msaada wa kisheria: mashirika kama WLAC na TAWLA, au wasaidizi wa kisheria wa eneo lako.

Chini ya karatasi andika kwa herufi kubwa: SAA 72. Aliyebakwa anatakiwa afike hospitali ndani ya saa hizo ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na akiwahi zaidi ni bora zaidi. Asioge, asifue nguo alizokuwa amevaa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi, lakini aliyeumia vibaya akatibiwe kwanza. Na PF3 haiuzwi.

Hatua ya 1: Wasikilize akina mama

Kabla ya kuita mwanaume hata mmoja, wale akina mama wawili watatu wakae na wanawake wenzao, kisha na wasichana peke yao. Wasiulize "nani anakupiga?" Waulize mambo ya jumla: mtaani kwetu mwanamke anaogopa nini, saa ngapi, wapi? Nyumbani ugomvi unaanzia wapi?

Majibu ya Dar nimeyazoea. Hela ya matumizi inaachwa elfu tano, jioni inadaiwa hesabu ya elfu kumi. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ambao mke aliuchukua kimya kimya, na siku wakusanyaji wanapokuja mlangoni ndiyo siku anayopigwa. Simu kukaguliwa. Kulazimishwa usiku, jambo ambalo wengi hawaliiti ukatili kwa sababu wameolewa. Wasichana watakutajia konda anayewashika wanapopanda daladala na bodaboda anayewapa lifti ya shule "bure".

Usishangae pia ukisikia mama anatetea kipigo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja kati ya tano zilizotajwa. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Kwa hiyo usidhani unakwenda kuwafundisha wanaume kitu ambacho wake zao wote wameshakubaliana nacho.

Yaliyosemwa yaandikwe bila majina. Hayo ndiyo mada za vikao vyako.

Hatua ya 2: Wekeana maandishi na kiongozi

Kaa na imamu, paroko au mchungaji, peke yenu, na msitoke hapo bila karatasi yenye makubaliano haya:

1. Kesi ya ubakaji, ya mtoto, au ya kuumizwa mwili haitasuluhishwa na nyumba ya ibada. Itapelekwa panapohusika, na nyumba ya ibada itamsindikiza aliyeumizwa.
2. Mtuhumiwa akiwa mzee wa kanisa, mweka hazina, mwalimu wa madrasa au mfadhili wa jengo, utaratibu ni ule ule.
3. Hapatafungishwa ndoa ya mtoto. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30.
4. Kiongozi mwenyewe atahudhuria kikao cha kwanza na kukaa kwenye mduara kama wengine.

Namba moja ndiyo itakayokupa shida. Viongozi wetu wa dini wamezoea kusuluhisha, na wengi wanafanya kwa moyo mwema. Mama anakuja na jicho limevimba, anaitwa mume, wanashikishwa mikono, wanaombewa, wanarudi chumba kile kile usiku ule ule. Mwambie kiongozi wazi: ugomvi wa nani asafiri Krismasi au Idi na mawifi, suluhisheni. Kipigo hapana. Na binti akibakwa, wazazi wakapewa kiasi ili "yaishe kifamilia", hiyo ni jinai inayofichwa. Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki zake zinavunjwa aripoti kwa serikali ya mtaa wake.

Kiongozi akikataa kuweka saini kwenye namba moja au mbili, usianze. Endelea kuzungumza naye hata miezi mitatu.

Hatua ya 3: Alika mtu kwa mtu

Tangazo la baada ya ibada linawaleta wale wale wanaokuja kwenye kila kitu. Unaowataka zaidi ni fundi magari, mpiga debe, baba anayeswali Ijumaa tu. Nenda ulipo mkao wao: kijiwe cha bodaboda, gereji, banda la mpira. Idadi nzuri ni 12 hadi 15.

Usikiite "semina ya ukatili wa kijinsia", maana mwanaume anayesikia hivyo anahisi ameitwa polisi. "Baraza la akina baba" au "darsa la wanaume" inatosha. Ila usimfiche: unapomwalika mwambie tutazungumza ndoa, hela, malezi na ugomvi wa nyumbani.

Kuhusu muda, msikitini baada ya Isha, kama saa 2:15 usiku, inawafaa wanaotoka Kariakoo na foleni zake. Kanisani Jumapili mchana huwa na vikao vingi mno. Jaribu siku ya wiki. Angalia ratiba ya ligi pia. Siku ya Simba na Yanga usijisumbue. Mwezi wa Ramadhani utumie kuandaa, vikao vianze baada ya Idi.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza

Dua au sala fupi, kahawa, majina. Kisha kanuni, na ziandikwe na wao wenyewe. Mbili zisikose. Ya kwanza: ya hapa yabaki hapa, *isipokuwa* mtoto ameumizwa au mtu yuko hatarini, hapo mwezeshaji hatakaa kimya. Sema hivyo kabla mtu hajafungua mdomo, asije akadai ulimtega. Ya pili: hakuna kumsimulia mke wako kwa namna ambayo wengine watamjua. Hadithi za nyumbani zisimuliwe kwa upande wa msimuliaji: *nilifanya, nilisema, niliogopa*.

Weka na sheria mezani siku hiyo hiyo, kwa ufupi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kumpiga. Umri wake huwashangaza. Wengi wanadhani ni jambo la juzi lililoletwa na wafadhili.

Hatua ya 5: Vikao vya mwanzo: kazi, hela, hasira

Usianze na kipigo. Anza na saa 24. Chora mistari miwili kwenye karatasi kubwa, baba na mama, na waulize saa 10 alfajiri nani yuko macho nyumbani kwako na anafanya nini. Endelea saa kwa saa hadi usiku. Kwenye mstari wa mama karatasi hujaa hadi nafasi ya kuandika inakwisha. Usihubiri; iache hapo ukutani waitazame wakinywa kahawa.

Kikao cha pili, hela. Kila mmoja aandike anachodhani nyumba yake inatumia kwa wiki: unga, mchele, mkaa au gesi, maji ya madumu, nauli ya watoto, vocha ya umeme. Aende nyumbani akamwombe mkewe ajaze upande wa pili, bila kubishana hata mstari mmoja. Wakirudi, chumba kinakuwa na kicheko cha aibu, hasa kwenye mkaa. Hapo ndipo unapoweza kuzungumzia kausha damu: mke amekopa kwa sababu ya tofauti ya hesabu hizo mbili, kisha anapigwa kwa kukopa.

Kikao cha tatu, hasira. Hiki kipe muda. Mtu atasema, "Mimi si mpigaji, ila hasira zikinipanda sijijui." Usimkatalie. Muulize, hasa kama ni wa bodaboda:

"Trafiki akikusimamisha pale Tazara, akakutukana mbele ya abiria, akachukua funguo, unafanyaje?"

"Namwambia naomba unisamehe, afande."

"Hasira unazo?"

"Ninazo sana."

"Unampiga?"

"Nitampigaje afande?"

Nyamaza hapo. Waache wafikie jibu wenyewe: kumbe unajijua, na unamjua wa kumpiga na wa kutompiga. Ukilimalizia wewe hilo, linakuwa somo la mwezeshaji. Likisemwa na dereva mwenzao, wanaondoka nalo.

Tahadhari: kila kikao kuna atakayesema "sikumpiga, nilimsukuma tu". Mrudishe taratibu: alifikia wapi aliposukumwa? Watoto walikuwa wapi?

Hatua ya 6: Kisha Kitabu

Wengi huanza na Kitabu, na ninaona ni kosa, maana wanaume hugawanyika mara moja kuwa timu mbili za kurushiana aya. Baada ya vikao vitatu wanakuwa na kitu cha kwenda nacho kwenye maandiko.

Kwa Waislamu, mwachie sheikh mwenye elimu aongoze kikao hiki. Aya ya 34 ya Surat An-Nisaa itatajwa, hivyo muombe ajiandae nayo asiikwepe: masharti ambayo wanazuoni wameyaweka, na mwenendo wa Mtume mwenyewe, ambaye Bi Aisha amesimulia kwamba hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Amesimulia pia kwamba alipokuwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika akatoka. Iweke riwaya hiyo kando ya ile karatasi ya saa 24. Kuna na hadithi ambayo wengi wanaijua kwa moyo, kwamba mbora wenu ni aliye mbora kwa familia yake.

Kwa Wakristo, Waefeso 5 itasomwa toka mstari wa 22. Mwambie msomaji aanze wa 21, unaowataka wote wanyenyekeane. Soma na 1 Petro 3:7, unaomwonya mume kwamba asipomheshimu mkewe sala zake zinazuiliwa. Nimeona wazee wa kanisa wakiutafakari huo kimya kimya kuliko mwingine wowote.

Lakini kama una nafasi ya andiko moja tu, chukua 2 Samweli 13, habari ya Tamari na Amnoni. Isomwe yote kwa sauti. Kisha uliza nani walijua. Yonadabu, rafiki, ndiye aliyetunga mpango. Tamari alisema hapana kwa maneno yaliyo wazi. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Daudi alikasirika, na hakufanya kitu. Swali la kikao ni hili: Yonadabu wa mtaani kwetu ni nani? Vijana watakujibu haraka kuliko wazee. Ni yule anayemwazima rafiki ufunguo wa geto huku anajua binti hajui anapelekwa wapi.

Hatua ya 7: Vijana wa kiume

Wa miaka 14 hadi 17 wasichanganywe na baba zao. Wapate kwenye madarasa ya kipaimara, madrasa, kwaya, au timu ya mpira ya parokia. Vikao vifupi, dakika 45, na mpira baadaye.

Mada zao: kutongoza na kukataliwa bila kutukana; kumsumbua msichana njiani; kusambaza picha za uchi za mtu kwenye WhatsApp, jambo ambalo linaweza kuwafikisha mahakamani. Wape mifano ya daladala. Konda anamshika mwanafunzi, wewe umekaa kiti cha nyuma, unafanya nini? Mwambie akaribie na kumuuliza dada huyo "unashuka wapi?" kama anayemfahamu. Hilo tu mara nyingi linatosha konda aondoe mkono.

Na usisahau kwamba vijana hawa wenyewe wanaumizwa. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba mvulana mmoja kati ya saba alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa wasichana ni karibu watatu kati ya kumi. Katika kundi la ishirini, huenda unao. Surat Yusuf na habari ya Yusufu nyumbani kwa Potifa inafungua mlango wa kusema kwamba hata mwanaume hulazimishwa.

Onyo lisilo na mjadala: watu wazima wawili muda wote, mlango wazi, ruhusa ya mzazi, hakuna mwezeshaji kubaki na kijana mmoja peke yao au kumchati usiku. Ukatili dhidi ya watoto umewahi kujificha kwenye nyumba za ibada pia.

Hatua ya 8: Kazi ya nyumbani

Kila kikao kiishe na jambo dogo la kufanya wiki hiyo. Kuchota maji asubuhi. Kumuogesha mtoto. Kuuliza "ungependa tufanyeje?" kabla ya kuamua. Kutoka nje na kuzunguka mtaa mara sauti inapoanza kupanda.

Mwanaume asitangaze kwa mkewe kwamba amebadilika. Na asipige picha anaosha vyombo akaiweka stetasi. Wake zao wanaijua hiyo picha, na vyombo vya kesho yake pia wanavijua.

Hatua ya 9: Ulizia nyumbani, kwa tahadhari

Baada ya vikao vinne, na tena mwishoni, wale akina mama wako wazungumze na wake. Kamwe mke asiulizwe mbele ya mumewe, wala asiulizwe kwa simu ambayo mume anaikagua. Njia salama ni kwenye mkusanyiko wao wa kawaida, kwa wote, bila kuwatenga wake wa wanakikundi. Akisema mambo yameharibika, hilo lisirudi kwenye kikao cha wanaume kwa namna yoyote. Linaanza na usalama wake na ile karatasi ya rufaa.

Angalia pia hila mpya. Kuna mwanaume anayeacha kupiga akaanza kununa kimya wiki nzima, kuzuia hela, au kutishia kuchukua watoto. Mwingine anatumia aya ulizomfundisha kumkaripia mke. Hayo nayo ni ya kuzungumzwa kikaoni, kama mada ya wote.

Hatua ya 10: Lifike mtaani

Kikundi kikishakomaa, wanachama wapeleke jambo walipo. Khutba na mahubiri vipangwe ndani ya siku 16 za kupinga ukatili, 25 Novemba hadi 10 Desemba, ila zisiwe siku hizo tu.

La maana zaidi ni nyumba za kupanga. Ukuta ni mmoja, kila mtu anasikia, na kila mtu anaongeza sauti ya redio. Wafundishe mbinu ya kiberiti: unagonga mlango, "hodi jirani, naomba kiberiti, changu kimeisha." Husemi kitu kingine. Umekatiza mkono uliokuwa umeinuliwa, na aliye ndani amejua kuna anayesikia. Waende wawili. Kukiwa na panga, kisu au ulevi mkali, hakuna kugonga. Piga 112 na mwite mjumbe.

Yakikwama

*Wanaume wanapungua.* Waulize waliobaki sababu, na uwafuate walioacha mmoja mmoja. Mara nyingi ni muda au mwezeshaji anayehubiri. Wakibaki saba, endelea na saba.

*Mzee mmoja ameshika kikao, hakuna anayethubutu kumkatiza.* Mpe kazi yenye heshima: afungue kwa dua na kufunga kwa nasaha ya dakika tatu. Katikati wagawe wawili wawili.

*"Mbona na sisi tunapigwa, hakuna anayetusemea?"* Mwanaume anayepigwa apelekwe Dawati kama mwingine yeyote, na mwambie hivyo bila kucheka. Kisha rudi kwenye mada. Swali hili likiulizwa kila kikao na mtu yule yule, linatumika kuzuia mazungumzo.

*Mtu amekiri kikaoni kwamba alimpiga mke wiki hii.* Usimpigie makofi kwa ujasiri, usimfukuze. Baada ya kikao kaa naye wewe na mwenzako: ameumia wapi, ametibiwa, watoto wako wapi, usiku huu utalala wapi? Usiku ule ule mmoja wa akina mama atafute njia salama ya kumfikia mke. Kama ameumizwa, makubaliano ya hatua ya pili yanaanza kufanya kazi, na mume aambiwe hivyo.

*Wanasema haya ni mambo ya wazungu.* Waonyeshe mada ulizopewa na akina mama wa hapo hapo kwenye hatua ya kwanza.

*Mama amebadili nia, hataki kuendelea na kesi.* Usimgombeze. Huenda hana pa kulala, au mwenye nyumba ni ndugu wa mume. Muulize anachohitaji ili awe salama wiki hii, muunganishe na ustawi wa jamii na msaada wa kisheria, na mlango wa kurudi ubaki wazi. Kesi ya mtoto haitegemei nia ya mzazi.

*Mmefika kituoni mnazungushwa.* Ndiyo maana hamwendi peke yenu. Omba kuonana na afisa wa Dawati kwa jina, ukishindwa omba mkuu wa kituo. Mpigie afisa ustawi mkiwa hapo hapo. Andika tarehe, saa, mliyemkuta na alichowajibu, na namba ya taarifa mkipewa. Msaidizi wa kisheria atavihitaji kesho asubuhi.